Ufunguo Niliompa Ami

Jumamosi iliyopita nilikwenda Wattaya, kwa wauza magari, kutafuta gari ya pili, nikarudi na hasira ya miaka arobaini. Kaa nikuhadithie. Kama umelelewa na watu waliotoka Unguja wakahamia huku ng'ambo utanifahamu upesi, na kama hukulelewa nao utanifahamu taratibu.

Gari ya kwanza ninayo, ndogo, ya kwendea kazini wizarani. Lakini siku za mapumziko mimi na binamu yangu tunapika shughuli za watu: arusi, khitma, maulidi. Masufuria ya biriani hayaingii kwenye buti. Nimeshawahi kulipeleka sufuria moja mpaka Seeb limekaa kiti cha mbele, limefungwa mkanda, na mwenye arusi akanicheka mbele ya wageni wake. Kwa hiyo nilikwenda na futi mkononi. Nilitaka pikapu ya viti viwili, nyuma iwe ndefu, ubavu uwe wa chini ili wanawake wawili waweze kupandisha sufuria bila kuvunjika migongo, bei iwe rahisi, na kama imebonyea mahali sijali. Mama nilimchukua. Anakaribia miaka themanini na anapenda kutoka.

Muuzaji alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza dereva wangu yuko wapi. Nikamwambia dereva ni mimi. Akatabasamu, akatupeleka kwenye magari meupe yenye viti vya ngozi, akasema haya ndiyo yanayowafaa wanawake. Damu ikanichemka, na si kwa ajili yake peke yake.

Tulipokuwa wadogo tulikaa Wadi Kabir, na mama alikuwa na pikapu. Baba alimnunulia, kuukuu, rangi ya samawati iliyopauka, kwa sababu yeye alifanya kazi jangwani kwenye mafuta, wiki nzima nzima hayupo, na mama alikuwa mpishi wa shughuli aliyechoka kuwaomba watu wambebee vyombo. Leseni aliipata akiwa na mimba ya mdogo wangu. Alfajiri za Ijumaa tulikwenda Sidab kuchukua nguru, sisi watoto wa kike nyuma, tumekalia magunia ya mchele, kila mmoja amekumbatia sufuria lake lisigongane na la mwenzake. Pikapu ilipanda mlima kwa gia ya pili, vifuniko vinatetemeka, nguo zetu zinanuka iliki na vitunguu vya kukaanga vya jana. Mama alituonya kabla ya kuwasha gari: kifuniko kikianguka, aliyekishika atateremka akifuate kwa miguu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na hakuna aliyekiachia. Tukirudi, jirani anatusubiri barazani kwake, leo ana godoro la bibi arusi, kesho ana friji mbovu, na mama hakumkatalia. Hakuna siku nilizozipenda kuliko hizo.

Halafu kulikuwa na ami, kaka mkubwa wa baba, mtu wa kilemba na heshima zake. Alikula chakula cha mama, akakisifu, kisha akafuta mkono na kusema, "Mke wa ndugu yangu haendeshi gari ya kubebea mbuzi." Mara ya kwanza alisema kwa mzaha. Mara ya pili hakuna aliyecheka.

Alasiri moja alikuja wakati mama yuko kwenye mswala. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimbusu mkono, nikamkaribisha, akasema kwa upole, "Mwanangu, hebu n'letee ufunguo wa gari." Nyumbani kwetu mkubwa akikutuma huulizi kwa nini. Nikaenda kuutoa msumarini. Nilipopita mlango wa chumba mama akapaza sauti, "Allahu Akbar!"

Unajua mambo yetu. Sala ya alasiri husaliwa kimya, na anayesali hawezi kusema nawe, kwa hiyo akiona mtoto anaharibu kitu hupaza takbira hiyo, na mtoto hujua kuwa anaonywa. Nilijua naonywa. Nikatazama huku na huku, nikaona maziwa ya chai yamefura jikoni, yanataka kumwagika. Nikakimbia nikazima jiko, nikajiona mtoto hodari. Kisha nikarudi mlangoni nikautia ufunguo katika mkono wa kulia wa ami. Akaniwekea kiganja kichwani, akasema, "Umelelewa." Mama alipotoa salamu ya kumaliza sala, pikapu ilikuwa imeshakata kona.

Wiki ile ile iliuzwa. Baba aliporudi aliambiwa, akanywa kahawa yake, akasema, "Kaka keshaamua." Kahawa ile mpaka leo inaniudhi. Mama aliendelea kupika kwa waliokuja kuvichukua vyombo wenyewe, wakapungua, wakaanza kuagiza hotelini, na masufuria yakaingia stoo. Mimi sikupigwa, sikuambiwa neno. Ila tangu siku hiyo mama akiwa na jambo lake alimtuma mdogo wangu. Nilidhani ni kwa sababu mdogo wangu amekua.

Basi pale Wattaya tuliipata pikapu niliyoitaka, safu ya nyuma kabisa, imebonyea ubavuni. Nilikuwa nimeinama napima urefu wake wakati mama alipozunguka, akafungua mlango wa dereva, akakaa. Alishika usukani muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Siku ile n'lipaza sauti mpaka koo likan'uma. Ukageuka, ukan'sikia, ukenda ukampa."

"Mama, n'lidhani wan'ambia maziwa yanamwagika."

"Maziwa?"

"Yalikuwa jikoni, yamefura. N'kenda kuzima."

Alinitazama mpaka nikaona haya, kama bado nina miaka tisa. "Mimi n'kajua umen'fahamu, mwanangu," akasema. "N'kajua umemchagua ami yako."

Miaka arobaini! Nimekula naye, nimemuuguza, nimezaa mikononi mwake, na muda wote huo aliamini kuwa nilimsikia nikampuuza. Alikuwa keshanisamehe, tena kwa moyo safi, kwa jambo ambalo halikunipitia akilini. Hakuniuliza kwa sababu kwetu hayaulizwi, na mimi sikueleza kwa sababu sikujua kuwa kuna la kueleza. Adabu ile ile iliyonifanya nimpe ami ufunguo ndiyo iliyotuziba midomo. Tulisifiwa kwayo mtaa mzima.

Pikapu nimeinunua, wala sikupatana bei. Mama haiendeshi, magoti hayamruhusu. Nyumba ya Wadi Kabir imevunjwa, jirani wa magodoro amekufa, na siku hizi arusi nyingi zinapikwa na makampuni. Binamu yangu ananiambia nishukuru tumefahamiana mama angali hai. Nashukuru. Lakini ami keshazikwa, baba keshazikwa, nimewaombea rehema kwenye makaburi yao kila Idi, na sasa ninapotaka kuwagombeza hakuna wa kunijibu. Juzi nilikwenda makaburini hivyo hivyo, nikasimama baina yao wawili, na dua sikuisoma.