Nyasi za Katikati ya Reli

Vita vilipokata reli upande wa Niemba na madaraja kuvunjwa, Baba alikuwa ng'ambo, Kabalo. Alikuwa dereva wa treni. Sisi tulibaki Kalemie, wakati ule bado ikiitwa Albertville, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, na hakuna aliyeweza kutuambia kama yu hai.

Mama aliamua kwamba kuifungua njia ni kazi ya Mungu, na kuisafisha ni kazi yake yeye mwenyewe. Zamani wanaume wa reli ndio waliong'oa nyasi za katikati, lakini sasa walikuwa wametawanyika. Basi kila asubuhi alichukua jembe akapalilia kipande kilichopita mbele ya nyumba yetu, huku akisali kwa sauti. Niliona haya. Wenzangu walinicheka: "Mama yako analima shamba la treni!" Angelima mihogo, angalau tungeshiba.

Mvua zilikuja zikapita. Shangazi, dada yake Baba, akaja na wazee wa ukoo kudai tukae matanga. Aliogopa kwamba roho ya kaka yake inatangatanga bila kuliliwa.

"Tumulilie mutoto wetu, apumuzike," alisema. "Unamufunga na hizi sala zako."

"Njia tu njo imefungwa," Mama akajibu. "Yeye hajakufa. Mungu ataondoa kizuizi, mutaona."

Shangazi aliondoka bila kuaga. Nasi watoto tulikatazwa kulia, maana kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Nilijifunza kulia jikoni, nikipuliza moto, ili lawama ziende kwa moshi.

Hatimaye madaraja yakatengenezwa. Treni ya kwanza ilipopiga honi, kambi nzima ilikimbilia stesheni. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Abiria walishuka, wakakumbatiwa, wakaondoka na watu wao, mpaka mabehewa yakabaki matupu. Ndipo akatujia yule mwanamume aliyekuwa akitia makaa katika injini ya Baba. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Mama, twende kwanza ku nyumba."

"Sema hapa."

Akasema. Baba alikufa kwa homa kule Kabalo, mwanzoni kabisa, mara tu madaraja yalipovunjwa.

Mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa sala zangu zote, nilikuwa naombea nani?"

Nilimchukia Mungu siku ile, nasema wazi, na chuki hiyo haijanitoka yote.

Jumapili padri alimshukuru Mungu kwa kuondoa kizuizi na kutufungulia njia. Kanisa zima likaitika Amina, na Mama pia akaitika. Mimi nilifunga mdomo. Afadhali njia ingebaki imefungwa, na Baba awe bado Kabalo, anangoja kurudi.