Jani la Isale Kwenye Shanta Langu

(Jina la mwandishi tunalo. Kwa ombi lake tumelificha.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mkazi wa Marangu, na kwa bahati sijaona wa kunipita. Nawapandisha wageni mlimani tangu kilele hakijapewa jina la Uhuru, na mlima haujanishinda hata safari moja. Shule niliishia darasa la nne, lakini Kijerumani nakijua: cha kusalimu, cha kushukuru na cha kuomba soksi. Aliyefika kileleni hushuka na shada la yale maua ya mlimani yasiyonyauka, kalizungusha kwenye kofia. Nikipita nalo sokoni Kiboriloni, akina mama wananipisha na mikungu yao kichwani. Mashada yote nayatundika sebuleni. Picha yetu ya harusi imefunikwa, na mke wangu hajanisamehe.

Sasa nisikilizeni. Tangu msimu uliopita nina kikohozi, na si cha mafua. Nikifika juu kifua kinachemka kama chungu cha pombe ya mbege, na safari ya mwisho nilitema povu lenye damu. Daktari wa mjini alinisikiliza mgongoni, akasema nisipande tena, nikipanda huenda nikashushwa kwa machela. Nikamwuliza kama yeye amewahi kufika kileleni. Akasema hapana. Nikaona basi, huyu hajui kitu.

Mke wangu hakulia. Alinipa jembe. "Baba Aikande," akasema, "migomba haiulizi kama ulifika kileleni. Inataka samadi."

Nilicheka, lakini moyoni niliwaka. Mtu wa kupigwa picha na Wazungu nimegeuzwa mtu wa samadi! Jioni ile nikatangaza kilabuni, mbele ya wanywaji wote, kwamba masika yakiisha napanda na kundi la kwanza.

Maneno yakamfikia mama yangu. Kesho yake akateremka na fimbo yake kutoka shambani kwake, kihamba cha juu. Nikamwamkia shikamoo. Mkononi alishika jani la isale. Kwa wasio wa huku: ukimkosea mtu sana unampelekea jani hilo, na akishalipokea hawezi tena kukukatalia unachomwomba. Lakini mama hajanikosea kitu. Mzazi kumbembeleza mwanawe kwa isale sijapata kuona. Nikaficha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Yeye akaliendea shanta langu la kubebea mizigo mgongoni, pale ukutani, akalifunga jani kwenye mkanda.

"Siku niliyokuzaa hukuwa na shada kichwani," akasema taratibu. "Nilikupokea hivyo hivyo."

Akaondoka bila kunywa hata chai.

Tangu hapo shanta halibebeki. Nikilishika jani, nimekubali. Nikilitupa, nimemtupa mama. Nalipita kwa mbali kama nyoka, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Na kuna jingine, ambalo mke wangu hajui. Juzi nilikata majani ya ng'ombe, nikakaa na kahawa yangu, binti yangu akanisomea gazeti, na jua likafika utosini kabla sijakumbuka kuutazama mlima. Nilijisikia vizuri kabisa. Hilo limenitisha kuliko ile damu. Mtu kama mimi akiridhika na ng'ombe mmoja na migomba, atakuwa nani? Nani atampisha sokoni?

Masika yanaelekea kwisha. Mawingu yakifunguka asubuhi, ule weupe unaniangalia. Nipeni mawazo yenu, ndugu zangu: nilipokee jani, au nilifungue nipande? Msinionee huruma, niambieni kweli.

Na ili mumshauri mtu mnayemjua: ile ya kwamba mlima haujanishinda ni uongo. Safari ya mwisho sikufika. Nilibaki kibanda cha juu, msaidizi wangu akawapeleka wageni. Shada nililorudi nalo nilijisukia mwenyewe njiani, nimekaa juu ya jiwe, nakohoa.