Darubini Iliyokazwa Kama Dishi

Fundi Dishi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa na imani moja tu kazini: kaza! Dishi likicheza kidogo, picha inakatika, na mwenye nyumba anakupigia simu mechi imepamba moto. Basi hata darubini ambayo binti yake, ambaye ni mwalimu, aliiazima shuleni, aliipandisha juu ya paa, akaielekeza mwezini, akakaza nati zote kwa spana mpaka jasho likamtoka.

Yote hayo kwa ajili ya mama yake. Jana yake alitolewa mtoto wa jicho, na daktari alisema bandeji ifunguliwe jioni hii. Jicho la pili lilishapoteza nuru zamani, na hili lilikuwa na ukungu wa miaka mingi. Na kwa ubishi, mama yule we acha tu!

"Sifunguliwi humu ndani nikaanza na kuona dari. Nataka mwezi."

Fundi akachungulia mara ya mwisho: mwezi huo hapo, katikati. Akashuka kumchukua mama, wakapanda ngazi polepole, binti nyuma na kiti. Mama akaketi, bandeji ikatoka, akasogeza jicho kwenye darubini.

"Mwanangu, giza tupu."

Fundi akamshika mama bega. Jicho limekataa! Machozi yakamlenga. Binti akachungulia, akaangua kicheko.

"Baba! Hata mimi naona giza. Umeikaza kama dishi!"

"Kwani inafungwaje?"

"Satelaiti ya televisheni inazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana kwetu inaonekana imesimama palepale. Imewekwa kule ituletee matangazo huku chini. Mwezi hauna habari na sisi, unakwenda zake. Darubini ni ya kuufuata!"

"Lo! Nipishe!" Akalegeza nati, akaisogeza taratibu. "Haya mama, tazama."

"Ee! Jamani! Una mashimo! Una milima!" Mama akapiga kigelegele, majirani wakachungulia madirishani. Kumpisha mtu, hataki. "Unanikimbia huu! Sogeza, baba, sogeza!" Fundi akasogeza, akasogeza tena.

Hatimaye mama akamgeukia mwanawe chini ya taa ya ngazi. Akamtazama sana, akamshika kichwa.

"Na wewe," akasema, "mvi zote hizi umezitoa wapi, mtoto mdogo?"

Fundi akacheka huku analia, akamwinamishia kichwa azione vizuri.