Nazira Awasha Tanuri la Mumewe

Waturuki walipofunga virago kutoka mji wa Halab, watu walipiga bunduki hewani kwa furaha. Nazira alishika ufagio, akaenda kusafisha tanuri la mtaa. Lilikaa baridi miaka mitatu, tangu mumewe, Bakri mwoka mikate, akokotwe jeshini. Hakurudi yeye, haikuja barua.

Akaja mkubwa wa mtaa, Mzee Hikmat, katanguliza tumbo. Njaa iliyozika watoto wa wenzake, yeye ilimnenepesha.

"Binti, Ijumaa tanuri lisipowaka, nampa mpwa wangu."

"Litawaka."

"Nani achome?"

"Mimi."

"Mwanamke kwenye mdomo wa tanuri! Nani atakuletea unga wake?"

"Si wewe. Wako uliuficha watu wakifa, sasa una funza."

Alhamisi akawasha. Kuni hakuna, jeshi lilikata mpaka miti ya matunda kulisha treni. Akachochea makapi ya zeituni. Jirani yake, Mama Subhi, peke yake ndiye aliyeleta sinia la vitonge vya unga uliokandwa. Sasa makapi yana ujanja: yanasinzia, halafu yanalipuka. Mikate ikatoka myeusi chini kama kisigino cha mpagazi. Mzee Hikmat alicheka mlangoni mpaka akapaliwa.

Mama Subhi akakwangua mmoja, akala. "Umeungua, shoga. Lakini nimeleta kumi, nimepata kumi. Bakri wako, Mungu amrudishe salama, kila siku aliniibia kitonge kimoja."

"Bakri?"

"Na mwoka aliyemtangulia. Humu walikuwa wanaume peke yao, sisi tunangoja nje kama mbuzi, tungeona nini? Leo nimeingia, nimekaa, nimekodoa macho."

Uso ulimshuka Nazira kwa aibu ya mumewe. Kisha akacheka, akamwomba Mama Subhi, aliyezoea makapi jikoni kwake, amfundishe kutuliza moto.

Mdomo wa Mama Subhi ulifikisha habari hamamu, bafu la wanawake wa mtaa, kabla ya adhuhuri. Ijumaa asubuhi wanawake walimiminika, masinia vichwani, kila donge na alama ya vidole vya mwenyewe, wakaingia moja kwa moja. Nazira akatia makapi kiganja kwa kiganja. Mikate ikaumuka.

Mzee Hikmat akafika na mpwa wake. Mkewe mwenyewe akamzuia kizingitini.

"Unakwenda wapi? Hatujajifunika."

"Na wewe umo?"

"Mkate wangu umo. Ondoka, usitie watu aibu."

Angeingiaje? Akageuka na mpwa wake.

Bakri akirudi, na arudi inshallah, atapiga hodi kama wanaume wengine.