Kitambaa Chini ya Tangi la Upepo

Mume wangu hakuwahi kupanda milima ya Mgeta kufuata mzigo kabla sijakiona kitambaa. Lori letu lilikuwa na breki za upepo, na kila asubuhi, hapo uani kwetu Kilakala, alijilaza chini ya matangi akavuta kiwaya cha kutolea maji yaliyojikusanya ndani. Upepo ulitoka kwa kishindo mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nilikinga kitambaa cheupe, kipande cha kanzu yake kuukuu. Kikilowa maji matupu, aliondoka. Kikitoka na weusi, basi kompresa, ile pampu ya upepo, inatupa oili kwenye matangi, na oili ikizoea njia hiyo inaganda ndani ya valvu, breki zinachelewa kushika. Kwenye zile kona za kushuka, na shehena ya kabichi nyuma, breki ya kuchelewa ni msiba.

Uamuzi aliniachia mimi kwa sababu alijijua. "Nikishajua mzigo unaningoja, kila kitu nakiona maji," alisema. Majirani walimtania kwamba anaomba ruhusa kwa mkewe. Alicheka nao, kesho yake akaniita tena.

Kuna siku kitambaa kilitoka cheusi. Nikasema haendi. Kabichi zilishakatwa huko juu na wenyewe walikuwa wanapiga simu.

"Mama watoto, hiyo ni kidogo tu. Nitashuka taratibu."

"Kashuke kwa miguu," nikamjibu, nikazifutika funguo kiunoni.

Alininunia, na mimi nikanuna zaidi, maana kwa kununa hakunishinda hata siku moja. Fundi alipokuja akafungua valvu ya nyuma. Ndani mlikuwa na utando mzito, mweusi, kama kikaango cha muuza chipsi. Akaweka ringi mpya za kompresa, akabadilisha chujio la kukausha upepo, akasafisha valvu zote. Mchana mume wangu alimaliza wali wote, akaulizia na ukoko.

Natamani asubuhi zile zirudi, na kelele zake zote. Lori tuliliuza alipoanza kuumwa. Miaka yote ya ndoa yetu niliogopa siku ambayo watu nisiowajua wangebisha hodi kuniambia wamemkuta bondeni. Hawakuja. Mwaka jana alifia kitandani kwetu, kichwa chake mapajani pangu, na macho nikamfumba mwenyewe.