Mwalimu Nzioka hakufa akiwa amefunga, na mimi ndiye ninayejua

Vijana wa humu, na nyinyi wakuu mnaowatangulia, assalaam alaykum kwa wenye salamu hiyo, na hamjambo kwa wengine.

Mimi ni bibi wa Matondoni, Lamu. Simu ni ya mjukuu wangu lakini kidole ni changu. Nimesoma Kurani utotoni, na shule nikaishia darasa la pili. Nikikosea herufi nivumilieni. Ukweli wake sitaukosea, maana huo nitaulizwa na mwingine, si nyinyi.

Kilichonileta ni post ya kijana mmoja wa kwetu niliyosomewa wiki iliyopita. Kaandika kwamba Mwalimu Nzioka alikuwa Mkristo lakini alikufa na swaumu yake, akifunga pamoja nasi, na eti hiyo ndiyo Lamu, watu wanapendana. Likes hazihesabiki. Watu wameweka viganja vya dua.

Kijana, nakujua, na mamako namjua. Hukukusudia kudanganya. Lakini huo ni uongo, na mimi nimeuacha utembee mwaka wa pili huu.

Haya.

Nzioka alikuwa Mkamba. Aliletwa kufundisha shule yetu ya msingi. Walimu wa bara wengi wameletwa hapa, na wengine muhula haujaisha washaandika barua ya kuhamishwa. Jua kali, maji ya chumvi, punda wanalia kabla ya adhana. Nzioka alikaa mpaka watoto aliowafundisha wakamletea watoto wao.

Alijaribu na Kiamu chetu. Akisema "nti" kwa nchi, "ndia" kwa njia na "mato" kwa macho, watoto walicheka mpaka wakashika matumbo, naye hakukasirika.

Lakini kilichomfanya apendwe ni hiki. Kile chuo cha ualimu alichosoma huko bara hakukiacha. Waliomaliza wana chama chao, wanakiita alumni, na yeye ndiye alikuwa mtu wao wa visiwa hivi. Kazi ya kujitolea. Wengine wakimaliza chuo, t-shirt ya chuo wanapigia deki. Yeye ya kwake aliivaa mpaka maandishi yakatoka, ikabaki nembo tu kifuani kama doa la chai.

Mtoto wa kisiwa akifaulu, Nzioka alisimama pale ufukweni network inaposhika, akawapigia wenzake mmoja mmoja. Nimemsikia kwa masikio yangu akigombana nao: "Nina msichana hapa hajawahi kulala nje ya kisiwa. Sitaki mnipe namba ya simu. Nataka mtu wa kusimama stendi ampokee. Mtu."

Halafu anavuka nao mwenyewe mpaka Mokowe, anapanda nao basi, anawakabidhi huko, anarudi. Shule yetu leo ina walimu watatu wa hapa hapa Matondoni. Wote yeye ndiye aliyewapeleka.

Fomu za chuo zilitaka sahihi ya mzazi. Sisi wanawake tulizoea kuchovya kidole gumba kwenye wino. Nzioka akakataa. Akasema mtoto anakwenda kuwa mwalimu, mamake hawezi kuweka gumba. Akatukalisha barazani kwake baada ya alasiri, watu wazima na buibui zetu, tukaandika majina kama watoto wa nursery.

Mimi nilikuwa mbishi. Nikamwambia, "Mwalimu, mkono huu umezoea mwiko."

Akaniambia, "Basi ishike kalamu kama mwiko, Bi Zuhura, lakini usikoroge."

Ndiyo maana leo mnanisoma.

Sasa nije kwenye langu.

Ramadhani yake ya kwanza hapa, nilimkuta saa nne asubuhi amekaa mlangoni kwake, mahamri mkononi na kikombe cha chai. Watoto wanapita. Nikasimama mbele yake, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, "Mwalimu, kwenu hakuna haya?"

Akainuka, akaomba radhi, akaingia ndani na kikombe chake.

Nikasifiwa sana siku ile. Bi Zuhura kamsomesha mwalimu. Sifa zile nilizipenda, sitaficha.

Tangu mwaka ule hakuna aliyemwona Nzioka akitia kitu mdomoni mchana wa Ramadhani. Watoto wakaanza kusema Mwalimu anafunga. Yeye hakusema ndiyo, hakusema siyo. Maghribi tukimpelekea tambi na mbaazi, anatoka, anakula na wanaume barazani. Sisi tukajiona watu wazuri.

Kwamba alikuwa na kisukari, hatukujua. Mtu mzima hatangazi maradhi yake, na sisi hatukuwahi kumuuliza jambo lolote zaidi ya habari za watoto.

Siku yenyewe sasa. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi. Mjukuu wangu Aziza, niliyemlea mimi, alikuwa mmoja wa watoto wanne waliopata nafasi ya chuo. Fomu zilitakiwa ziondoke na basi la alfajiri ya pili yake kutoka Mokowe, nazo hazijatiwa sahihi.

Nzioka alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba asubuhi. Nyumba ya kwanza baba yuko Manda kwenye kazi ya ujenzi, ikabidi asubiriwe arudi. Nyumba ya pili cheti cha kuzaliwa hakionekani, sanduku zima likamwagwa chini. Ya tatu maneno mengi, mama anataka mwana aende, mjomba hataki.

Kwangu alifika mwisho. Adhuhuri ilishapita.

Aliketi ukumbini akaegemea ukuta. Jasho linamtoka kama mtu aliyeibuka majini. Akanipa fomu, na karatasi ikawa inatetemeka mkononi mwake. Moyoni nikasema, swaumu imemshika leo.

Nikainama kuandika jina langu. Sikufanya haraka, nilitaka litoke zuri, aone.

Akasema taratibu, "Bi Zuhura, una sukari? Kijiko tu. Au soda."

Sikuinua hata uso. Nikamwambia, "Mtana huu, Mwalimu? Na watoto wanakutazama? Maghribi si mbali. Ngoja kama wenzio."

Akasema, "Haya, Bi."

Sukari ilikuwapo. Kopo zima liko jikoni, nimeliweka kwa kaimati za futari. Sitaki mtu aje hapa kwenye comments kunitetea kwamba labda sikuwa nayo.

Alipoinuka karatasi zikamwanguka. Aziza akaziokota, akamtilia kwenye mfuko wa plastiki. Nzioka akatoka, akageuka upande usiokwenda kwake wala pwani. Nikamwambia Aziza, "Mwalimu wako swaumu imempoteza ndia."

Nikacheka. Aziza hakucheka.

Alizunguka mpaka akatokea kule mafundi wanakotengeneza mashua, akaanguka. Mafundi wakaweka vyombo chini, wakamlaza kivulini. Alikuwa akisema maneno yasiyo na mpango. Mmoja akasema huyu kalewa. Wengine wakamkaripia, Mwalimu halewi, Mwalimu kafunga.

Wakamwagia maji kichwani. Wakamfuta uso. Midomo wakaipangusa kwa kitambaa, kwa uangalifu, lisiingie hata tone.

Wakuu, watu wale walimpenda. Walikuwa wakimhifadhia funga ambayo hakuwa nayo.

Mashua ya kumpeleka Amu, Lamu mjini, ilipopatikana alikuwa hasemi tena. Hospitali daktari akauliza huyu amekula saa ngapi. Watu wetu wakajibu, na kifua mbele, kwamba amefunga. Daktari akawatazama. Akasema, "Huyu ni mgonjwa wangu, anajidunga sindano ya kushusha sukari kila asubuhi. Ukishajidunga lazima ule. Nani alimwambia afunge?"

Mimi nilikuwa nimevuka nao, nimesimama mlangoni.

Alifariki siku ya pili kabla ya adhuhuri.

Nilimfuata daktari nikamuuliza swali langu. Hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema alipokuwa bado anaongea, chai ya sukari ingetosha.

Mkewe alikuja kutoka bara na shemeji yake kumchukua. Wanawake wa mtaa tulikusanyika kumpokea. Akanishika mkono akaniambia mumewe alikuwa akiniita mamake wa huku. Halafu akatueleza alichokikuta chumbani. Chini ya kitanda kuna kreti ya soda na biskuti. Nyuma ya mlango kuna taulo lililokunjwa, alikuwa akiliziba chini ya mlango ili harufu ya chakula isitoke nje.

Akasema, "Aliniambia kwenye simu, mwezi huu mimi nakula kama mwizi."

Kwa hivyo hakuwa akifunga. Hata siku moja. Alikuwa akijificha. Siku ile alijidunga asubuhi kama kawaida, akitarajia kurudi chumbani kwake ale, zile fomu zikamchelewesha. Akapita nyumba tatu zenye jiko, asiweze kuomba. Ya nne akaomba.

Nikamwambia mkewe yote, pale pale, mbele ya wanawake.

Akaniuliza, "Aliomba?"

"Aliomba."

"Ukamnyima."

"Nikamnyima."

Akauachia mkono wangu. Akachukua mkoba wake, akaenda kukaa gatini juani mpaka mashua ya maiti ilipokuwa tayari. Chakula chetu hakukigusa. Tangu siku ile hajapiga simu, wala simlaumu.

Wanawake walinigombeza, kwamba ningenyamaza. Mmoja akaniambia siku yake ilikuwa imefika. Najua ilikuwa imefika. Lakini ilipitia mkononi mwangu.

Nilikwenda kwa sheikh wetu, nikidhani atanipa neno la kulalia. Akaniambia mgonjwa na msafiri wa kwetu wenyewe wameruhusiwa kula, sembuse mtu ambaye Mungu hakumwandikia funga hii. Akasema, "Bi Zuhura, siku ile hukuilinda Ramadhani. Uliyalinda mato ya majirani."

Fomu zilifika, zilichelewa lakini zikapokewa. Wale wenzake wa alumni walikuja mpaka Mokowe kulipokea jeneza, na mkewe akawakabidhi mfuko ule wa plastiki kwa mkono wake. Aziza sasa yuko mwaka wa pili. Alipofika huko stendi palikuwa na mtu amesimama anamngoja.

Akirudi likizo ananipikia chai, ananiwekea mbele, anatazama pembeni. Alikuwapo siku ile, alisikia. Hajaniuliza. Ningependa aniulize.

Basi vijana, msimwandike tena Nzioka kwamba alikufa na swaumu. Mnajipamba nyinyi, yeye hamumpambi. Mkitaka kumkumbuka, nendeni stendi mkapokee mtoto wa mtu. Na mtazame katika mitaa yenu ni nani anakula akiwa amejikomea ndani kwa ajili yenu. Mimi nimejifunza haya nikiwa na mvi zote, na nimejifunza kwa roho ya mtu.

Mwenye neno aseme. Mwenye tusi pia aliandike hapa hapa, asinifuate inbox. Nitayasoma yote, kidole changu ni kizito lakini mato yangali yanaona. Na yule kijana wa post, ifute.

Jioni ile jeneza lilipovuka, niliwasimamisha wote wa nyumba yangu, wanangu, wakaza wanangu na wajukuu, nikawaambia hivi: "Ramadhani jiko la nyumba hii liwe na chai ya sukari mchana kutwa. Atakayekuja akaomba, mpeni kwanza, na akae ukumbini, mlango wazi. Na atakayemuuliza kwa nini anakula, huyo akusanye nguo zake atoke."