Mvule wa Bibi Haukujiotea

Harufu ya mvule unaopigwa randa haifanani na ya mbao nyingine. Ina ukali unaowasha pua kidogo, kama mtu anatwanga pilipili manga chumba cha pili, kisha nyuma ya ukali huo hufuata harufu tulivu ya kitu kilichokaa miaka mingi mahali pakavu. Miezi kadhaa iliyopita nilikwenda kwa fundi seremala mmoja mjini Tanga kuagiza mlango wa jiko. Nilimkuta anaranda ubao, maranda yakimwangukia miguuni, na mimi badala ya kutaja vipimo vya mlango nikajikuta nimenuna. Fundi wa watu akadhani nimeudhika na bei, na bei yenyewe nilikuwa bado sijaiuliza. Niliowakasirikia ni watu ambao wengine wameshakufa. Nitawaeleza kwa nini, maana hasira hii ninayo tangu nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, na sioni sababu ya kuendelea kuibeba peke yangu.

Nilikulia Pongwe kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanjaa. Ilikuwa miaka ile ya kukosa. Wa rika langu mnaikumbuka bila kusimuliwa: sukari kwa kibali, unga wa njano, sabuni kwa wale tu waliokuwa na jamaa wa kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya kwa njia za vichakani. Sisi hatukuwa na jamaa wa aina hiyo. Tulioga kwa maji matupu, tukajisugua kwa dodoki hadi ngozi ikalia, na bibi akasema tumshukuru Mungu kwa kuwa uchafu nao hauuzwi kwa foleni.

Babu alifariki katika miaka hiyo, nami nilikuwa sijaanza shule. Kwetu maiti hazikwi ndani ya sanduku. Hulazwa ndani ya mwanandani, ule mfereji mwembamba chini ya kaburi, kisha juu yake huwekwa kiunza, mbao za kumkinga ili udongo usimwangukie. Basi siku ile mbao hazikupatikana. Wanaume walitawanyika tangu alfajiri, wengine mpaka mjini, wakarudi mikono mitupu, kila mmoja na maelezo yake: hapa wanataka kibali, pale mwenye ufunguo hayupo. Jua likawa linapanda na maiti iko ndani. Bibi, aliyekuwa amekaa na wanawake chumbani, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barazani kwamba wang'oe mlango wa jiko.

Wakaung'oa. Babu yangu, aliyefanya kazi maisha yake yote, akazikwa chini ya mlango wa jiko, masizi na yote. Mimi nilimuuliza mama kama babu sasa atakuwa anatokea jikoni, nikapigwa kibao, halafu mama akanikumbatia akalia. Jiko letu likakaa miaka bila mlango. Bibi alitundika gunia la mkonge, na gunia halikumzuia kuku wala paka wa jirani, ambaye alikula samaki wetu wengi kuliko tuliokula sisi.

Alipotoka eda, jambo la kwanza alilofanya bibi ni kuokota matunda ya mvule. Kulikuwa na mvule mkubwa kando ya njia ya mashambani, popo wakishinda humo kula na kuangusha. Bibi aliyafikicha matunda yale ndani ya maji, akapata vijimbegu vidogo kama vya nyanya chungu, akavimwaga kwenye mchanga kivulini. Miche ilipotoka, mingi ilikufa. Majani yake huota uvimbe, mithili ya mtoto mwenye tetekuwanga, na mche ukikaa juani peke yake ndiyo kabisa. Mmoja ulipona. Bibi akachukua chungu chake cha kupikia wali, chenye mistari aliyoichora mfinyanzi shingoni, akakitoboa kitako, akakizika kwenye uchochoro kati ya ukuta wa jiko na ukuta wa choo, akaupanda mche ndani yake. Chungu kile kilikuwa boma la kuzuia mchwa. Mahali pale palikuwa pembamba, mtu mnene hapiti, na bibi alipachagua makusudi. Mvule ukipewa uwanja, alisema, hutanua mikono upate sifa. Ukibanwa, huenda juu kutafuta jua, ukanyooka.

Kazi ya kuumwagilia ilikuwa yangu. Nilikinga maji yetu ya kuoga kwenye karai, nikayachota kwa kata. Hayakuwa na sabuni, kwa hiyo mti ulinywa vizuri kuliko tulivyooga. Jani lenye uvimbe nililichuma na kulichoma moto, kama nilivyofundishwa. Ulikua mwembamba, wima, hauna tawi la maana mpaka ulipopita paa la jiko, na ukapita paa la nyumba, ukawa unaonekana kutoka barabarani kama mlingoti usio na bendera.

Kila Idi, tukishavaa nguo, bibi alinipeleka uchochoroni, akanisimamisha nimeupa mti mgongo. Aliweka kiganja kimoja bega hili na kimoja bega lile, akatazama shina nyuma yangu, akasema, bado, bado sana. Nilidhani anatushindanisha urefu. Nilikasirika, maana ilikuwa wazi mti umenishinda, sasa huyu bibi anasema bado nini?

Kuhusu kazi ya mti ule nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Siku moja nikimwagilia nilimsikia akimwambia mama kwamba katika nyumba hii mtu hatazikwa tena chini ya mlango. Nikajua: bibi anajiandalia ubao wake. Sikuogopa. Nilifurahi kuwa mimi ndiye ninayeumwagilia, na nilipomwona anakohoa niliongeza kata moja.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana ndiyo iliyotuponza. Pwani kitu chako kikistawi, mwenyewe hutakiwi kukisifu. Mtoto mnono utamwita kibaya, mbuzi wa maziwa utasema hana kitu, kwa kuwa hasidi hana sababu, na jicho la mtu halina dawa. Wapita njia walipouona mvule wetu walisimama: Bi Mwanjaa, mti gani huu mzuri, umeupata wapi? Na bibi, bila kugeuka, akipepeta mchele, alijibu, "Ah, umejiotea tu." Alijibu hivyo mwaka hadi mwaka, kwa wageni na majirani. Aliyeusifu mara nyingi kuliko wote alikuwa Mzee Kombo, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyepita kila jioni akitoka msikitini. Huyu alikuwepo siku ya kuzika chungu. Alisimama pale na fimbo yake akamtania bibi kuwa mjane mzima anapika udongo. Naye akiuliza habari za mti alijibiwa umejiotea, akacheka, bibi akacheka, kwa sababu wote wawili walijua.

Kisha mambo yakafunguliwa. Nilikuwa darasa la saba. Ghafla sabuni ilikuwepo, za rangi zote, vitambaa vikaning'inia madukani, mitumba ikamwagwa chini tukachagua kwa kuinama, na watu waliokuwa wakijificha na magendo yao wakawa wafanyabiashara wa kusalimiwa. Sisemi tulitaka kurudi kwenye foleni. Lakini nyuma ya jiko letu palikuwa na kipande cha shamba ambacho mzee mmoja wa Kimanga alimwachia babu, kwa mdomo, alime na kupanda. Mzee huyo alishakufa, na watoto wake wakamuuzia mtu wa mjini aliyetaka kujenga kituo cha mafuta. Wakaja wapimaji, wakasimika jiwe la mpaka, na jiwe likaangukia pale pale uchochoroni, miguuni pa mvule.

Siku ya kuhesabu mimea alikuja bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, na kijana wa kumbebea kopo la rangi nyekundu. Utaratibu aliueleza vizuri. Mti uliopandwa na mtu unapakwa rangi, una mwenyewe. Minazi yetu ikapakwa, michungwa ikapakwa, hata mpapai uliootea jaani ukapakwa, na huo kweli hakuna aliyeupanda. Walipofika kwenye mvule yule bwana akasema mti uko mpakani kabisa. Ukiwa wa mtu, ukuta utapita nyuma yake na mti utabaki. Ukiwa wa mwitu, utaondoka. Kisha akampa ishara kijana wa rangi apite.

"Huo nimeupanda mie," bibi alisema.

Yule bwana akatabasamu, tabasamu la mtu anayemvumilia mtoto. Akasema mvule haupandwi, hupandwa na popo. Bibi akamwambia wachimbe, chini kuna chungu chake cha wali. Akajibu kwamba hakutumwa kuchimba vyungu. Ndipo akamgeukia Mzee Kombo, aliyekuwa amesimama na sisi kama balozi, akamwuliza mti huu ni wa nani.

Nilishusha pumzi. Nilijua tumeokoka.

Mzee Kombo alitazama fimbo yake. "Sasa mie niseme nini," alisema. "Mwenyewe siku zote husema umejiotea."

Nawaomba mlipime neno hilo. Halikuwa la uongo! Mtu angemshikisha Qur'ani na kumwapisha, angeapa bila kutetemeka. Alikuwa anajua sawasawa maana ya umejiotea, yeye ambaye mbuzi wake wanono aliwaita mizoga. Mwanawe alikuwa ameahidiwa kazi ya ulinzi wa kituo cha mafuta, jambo ambalo Pongwe nzima ililijua kesho yake. Alichukua kinga ya bibi dhidi ya jicho, akamchoma nayo. Mwongo hasa angenikera kidogo kuliko yeye.

Bibi aliingia ndani, akatoka na kopo la chokaa. Akauzungushia mti mstari mweupe kwa mkono wake, polepole, usawa wa kifua. Yule bwana akasema, "Bibi, hata ukiupaka hina, mvule haupandwi," na wanaume wakacheka. Bibi akajifutia mkono kwenye kanga.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," alimjibu, akarudi jikoni kwake.

Waliuangusha mchana mmoja nikiwa shuleni. Niliporudi nilikuta anga tupu juu ya jiko, na mti umelala, ule mstari wa chokaa bado upo. Waliukata vipande wakavifanya nguzo za kushikilia zege la paa la kituo, na zege liliposhika wakawagawia mamantilie wakapikie. Lakini kisiki hawakukiacha. Trekta ilikivuta kwa mnyororo, na kilipotoka, mizizi ilikuwa imekumbatia vigae. Shingo ya chungu, na mistari yake ya mfinyanzi, ilibanwa katikati ya mizizi miwili minene. Mzee Kombo alikuwepo, na yule bwana wa viatu pia. Dereva akazima injini. Bibi akaenda mpaka pale, akakinyofoa kigae cha shingo, akakipangusa udongo, akawaonyesha wote wawili. Mzee Kombo akasema kumbe. Yule bwana akatazama saa yake. Trekta ikawashwa tena.

Tangu siku hiyo nilimwamkia Mzee Kombo shikamoo kwa meno ya mbele tu. Aliitikia marahaba vilevile.

Bibi alifariki nikiwa na mtoto wangu wa kwanza. Mbao safari hii zilikuwepo tele, duka kwa duka, mbao za msonobari zilizoletwa kutoka milima ya baridi huko Lushoto, laini, nyeupe, zenye harufu ya dawa ya kupigia deki. Wakamwekea kiunza cha hizo. Watu walisema mazishi yamekwenda vizuri. Mimi nilikaa ndani nimeuma kanga kwa hasira, nikisema moyoni wamemnyang'anya mwanamke huyu ubao wake aliojipandia. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka yote hii, mpaka siku ile kwa fundi.

Maana harufu ilipokwisha kunipeleka Pongwe na kunirudisha, nilimwuliza yule fundi kama mti wa mvule uliopandwa mtoto akiwa hajaanza shule, naye akawa mtu mzima na mtoto wake mwenyewe, ungetoa kiunza. Alicheka. Akaniambia mti wa umri huo bado ni mweupe mtupu, wadudu wanaumaliza upesi, haufai hata mlango wa banda la kuku. Moyo wa mvule huchukua maisha ya mtu kukomaa. "Mwenye kuupanda hakati, mama," alisema. "Hukata mjukuu."

Nikakaa juu ya gogo lake. Bi Mwanjaa alikuwa binti wa seremala, hilo alilijua kabla hajaokota tunda la kwanza. Alijua hataufikia. Na kila Idi alikuwa ameshika mabega yangu mimi, akatazama upana wa shina nyuma yangu, akasema bado, bado sana. Sikuwa ninamwagilia kiunza cha bibi. Nilikuwa ninamwagilia changu, na ndicho alichokitetea mbele ya wale wanaume, kopo la chokaa mkononi.

Mlango wa jiko niliuagiza. Na nyuma ya nyumba yangu, kati ya kuta mbili, nimepanda mche wa mvule ndani ya chungu kilichotobolewa kitako, na kile kigae cha shingo, alichoniachia bibi, nimekizika pamoja nao. Mjukuu wangu ndiye anayemwagilia. Jana jirani alichungulia, akausifu, akauliza umeotaje mahali pembamba hivi. Mdomo wangu ulikwisha kujipanga kusema lile neno letu la siku zote.

"Haukujiotea," nilimwambia, kwa sauti ya kufika barabarani. "Nimeupanda mie." Kijicho na kije.